TEMBO WA UKUTANI NA TEMBO WA SHAMBANI



Mgeni ashukaye katika nchi yetu hulakiwa kwanza na wanyama wa rangi. Kabla hajamwona twiga mwenye damu na pumzi, amekwisha kumwona twiga katika ukuta wa hoteli, simba katika mlango wa gari la watalii, na chui katika duka la vinyago. Akibadili fedha zake atapewa noti ya shilingi 10,000, na hapo napo atamkuta tembo. Jambo hili ni zuri, wala sikusudii kulilaumu. Lakini nauliza swali moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: kwa nini picha hizi zimejaa mahali ambapo wanyama hawapo, zikakosekana mahali wanapoishi?

Nendeni katika kijiji chochote kilicho mpakani mwa pori. Mtaona ukuta wa shule ya msingi, ukuta wa zahanati, ukuta wa ofisi ya kijiji, na ukuta mrefu wa ghala la korosho au mahindi. Kuta hizo ama ni tupu, ama zimepakwa tangazo la simu au la sabuni. Mtoto wa huko hukua akiwajua wanyama kwa mambo mawili tu: nyayo zao shambani asubuhi, na hadithi za watu waliodhuriwa. Mtoto wa mjini, ambaye hajawahi kusikia simba akinguruma, ndiye achorewaye simba mzuri katika ukuta wa shule yake.

Maoni yangu ni haya. Kuta za vijiji vilivyo jirani na wanyama zipakwe picha za wanyama hao. Zipakwe na wanakijiji wenyewe. Tena picha hizo ziseme ukweli wote, yaani uzuri wa mnyama pamoja na hasara aletayo. Picha isemayo nusu ya ukweli yaweza kumfaa mgeni apitaye kwa gari, lakini haimfai mtu alalaye hapo.

Huenda wengine watasema kwamba kuchora wanyama ukutani ni desturi ya kigeni tuliyoletewa pamoja na utalii. La hasha! Wenzetu watokao Kondoa wanajua kwamba huko Kolo na sehemu za jirani kuna zaidi ya mapango 150 yenye michoro katika miamba. Twiga wamo, tembo wamo, pofu wamo, na watu pia wamo. Waliochora hawakuwa na brashi ya dukani. Walitumia rangi za udongo na mawe, na nyingi ni nyekundu. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliitia michoro hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi ukuta wa kwanza uliopakwa wanyama katika nchi hii ulipakwa na wawindaji wa kale, watu ambao riziki yao na hatari yao vilitoka kwa wanyama hao hao. Hawakuchora kwa ajili ya mtalii. Walichora kwa sababu mambo yale yaliwahusu.

Tena mimi nitokaye Tunduru nina sababu ya kujivuna. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, alizaliwa kwetu. Alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya mbao laini kwa rangi za mafuta, zile zitumikazo kupakia baiskeli, na picha zake zikauzwa kando ya barabara huko Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972, baada ya kufanya kazi hiyo miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake na ndugu zake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo picha za Tingatinga zinajulikana Ulaya, Japani na Marekani. Mtu huyu hakusomea uchoraji katika chuo. Alichukua vitu vilivyokuwa karibu naye, akachora wanyama wenye macho makubwa na madoa mengi, na dunia ikasimama kutazama.

Hata hivyo yatupasa kuona jambo moja. Sanaa hiyo ilizaliwa na mtu wa Tunduru, ikakulia Dar es Salaam, ikauzwa kwa wageni. Tunduru yenyewe, ambako tembo hupita kutoka mapori ya Selous kwenda Niassa nchini Msumbiji, haikupata kuta zilizochorwa. Tumeuza picha ya tembo, na nyumbani tumebaki na tembo mwenyewe.

Na tembo mwenyewe si mchezo. Mnyama huyu aweza kula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku. Kundi likiingia katika shamba la mahindi usiku mmoja, kazi ya miezi mitano imekwisha. Nyanya yangu hulala juu ya dungu wakati mahindi yakikomaa, akiwa na debe na kijinga cha moto, na umri wake umekwisha kupita miaka ya kazi hiyo. Watoto hukosa masomo kwa sababu wamekesha wakipiga madebe. Serikali hutoa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa shamba na kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa, lakini majina yenyewe yanakubali kwamba fedha hizo hazirudishi kilichopotea. Jasho hufutwa, njaa haifutwi.

Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba tembo ni hazina ya taifa, umwonyeshe picha ya tembo amesimama peke yake chini ya mlima wenye theluji, hapana shamba, hapana nyumba, hapana mtu. Ataitazama, atakushukuru kwa adabu, na moyoni atasema kwamba mchoraji hamjui tembo. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali huona mzigo wetu ni mwepesi kama sufi.

Mfano wa jambo hili uko Ulaya. Mwaka 2007, katika mji wa Rotterdam huko Uholanzi, sanamu za tembo zilizopakwa rangi na wasanii zilisimamishwa mitaani, na fedha zilizopatikana kwa mnada zikasaidia kuwahifadhi tembo wa Asia. Ni tendo jema, na miji mingine imeliiga. Lakini mtu wa Rotterdam anaweza kumpenda tembo bila gharama. Hapana tembo atakayekula bustani yake. Sisi hatuwezi kuiga sanamu zile kama zilivyo, kwa sababu ukuta wetu unazungumza na mtu aliyekesha jana usiku.

Je, kwa kuwa tembo ana hasara, tuwaache wamalizike? Hapana. Nchi hii ilikwisha kuona jambo hilo likikaribia. Mwaka 2009 hesabu ilionyesha kwamba tulikuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000 tu. Katika miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu, na wengi waliuawa kwa sababu ya pembe zao. Sehemu za kusini ndizo zilizoumia sana. Katika eneo la Selous tembo walikuwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976, na mwaka 2013 walihesabiwa 13,000 hivi. Mwaka 2014 UNESCO iliitia Selous katika orodha ya urithi ulio hatarini. Baada ya hapo ulinzi ulikazwa, majangili wengi wakakamatwa, na tembo wakaanza tena kuongezeka.

Naomba wasomaji wafikiri: jangili mgeni hawezi kupita porini bila kuonwa na mtu. Hununua unga, huuliza njia, huhitaji mbeba mizigo. Mwanakijiji ambaye anaona tembo ni adui wake na mali ya watu wengine hana sababu ya kwenda kutoa habari. Mwanakijiji ambaye anaona tembo ni mali yake, yenye taabu kama ng'ombe mkali alivyo na taabu, atakwenda. Askari wa wanyamapori hawatoshi kuwa kila mahali, lakini macho ya kijiji yako kila mahali. Kazi ya ukuta uliochorwa ni kuyafungua macho hayo.

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyama wa pori. Alieleza kwamba wanyama hao si wa kustaajabiwa tu, bali ni sehemu ya mali yetu ya asili na ya riziki yetu ya baadaye. Tamko hilo limeandikwa katika vitabu, na wageni wengi walijua. Lakini watu wangapi wa vijiji vya mpakani wameliona? Kitabu husomwa na mmoja mmoja. Ukuta wa shule husomwa na kila aendaye kisimani.

Basi tuchore nini? Napenda kutoa mashauri machache.

Kwanza, tuchore tembo na shamba pamoja. Katika picha moja aonekane mama mwenye debe, dungu, mahindi, na tembo gizani. Mtu wa kijiji akiona hivyo atajua kwamba mchoraji ni mwenzake, na atakuwa tayari kusikiliza maneno yanayofuata.

Pili, tuchore dawa ya taabu hiyo. Huko Sagalla nchini Kenya, karibu na hifadhi ya Tsavo, wakulima wamezungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwa waya, na tembo akiusukuma waya, mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka. Tembo, pamoja na ukubwa wake, humwogopa nyuki, kwa sababu huumwa kando ya macho na ndani ya mkonga. Mkulima hupata mahindi yake na asali juu yake. Mahali pengine hutumia kamba na vitambaa vilivyolowekwa katika pilipili iliyochanganywa na oili chafu. Mambo haya yaweza kuelezwa kwa picha nne zilizopangwa kwa zamu katika ukuta, hata asiyejua kusoma akayafuata kwa mkono wake nyumbani.

Tatu, tuchore ramani ya njia za wanyama. Tembo hufuata njia zilizofuatwa na mama zao. Mtu akilima katikati ya ushoroba, amepanda mahindi barabarani. Ramani kubwa katika ukuta wa ofisi ya kijiji, yenye mto, mlima, mashamba na njia ya tembo, yaweza kuzuia ugomvi mwingi kabla haujaanza. Nayo si kazi ya mtaalamu peke yake. Wazee ndio wajuao tembo walipita wapi tangu zamani, na mchoraji lazima awaulize.

Nne, tusimsahau mnyama asiye na jina kubwa. Wageni huuliza simba na tembo, lakini kijiji huishi pia na mbwa mwitu, pangolini, tumbusi na mbega. Tumbusi huyala mizoga na kuisafisha nchi, wala hapana amwimbiaye. Mnyama wa namna hii akichorwa vizuri, na kazi yake ikaonyeshwa, watu watamfikiria upya.

Sasa nije katika habari ya utalii. Watu wengi wakisikia utalii hufikiri magari yatafurika kesho. Tusidanganyane. Ukuta uliopakwa rangi hauwezi kuleta mgeni mahali pasipo na njia wala maji wala pa kulala. Lakini uwezo mwingine unao. Magari mengi ya wageni hupita vijijini bila kusimama, vumbi likabaki kwetu na fedha zikaenda mbele. Ukuta mzuri ni sababu ya kusimama. Mtu akisimama kutazama picha atauliza nani aliyeichora, akiuliza ataelezwa, akielezwa atanunua asali, au korosho, au picha ndogo ya kupeleka kwao. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena siogopi kwamba picha ya ukweli itawafukuza wageni. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mwaka 1989, Rais Daniel arap Moi alizichoma tani 12 za pembe za ndovu, na mwaka 2016 Kenya ilichoma tani 105 mahali hapo hapo. Hapana rangi hapo wala uzuri, ila ukumbusho wa moto ule; hata hivyo wageni huenda kupatazama na huondoka wakifikiri. Kadhalika huko Pakwach nchini Uganda, karibu na Murchison Falls, vijana hutengeneza sanamu za tembo, twiga na simba kwa nyaya za mitego iliyotolewa porini. Mnunuzi akiishika sanamu ile hushika waya uliokusudiwa kuua. Linganisheni na pembe nne kubwa za alumini zinazovuka barabara ya Moi mjini Mombasa tangu miaka ya 1950. Kila mtu hupiga picha chini yake, lakini pembe zile hazisemi neno lolote juu ya mnyama aliyekuwa nazo.

Yatubidi pia kusema wazi juu ya fedha, maana hapa ndipo mambo mema mengi huharibika. Mchoraji alipwe, hata kama ni kijana wa hapo hapo. Si haki kumwambia kwamba analitumikia taifa huku mwenye duka la rangi analipwa. Kitakachopatikana kwa wageni kiandikwe na kisomwe katika mkutano wa kijiji, mbele ya wote. Katika wilaya yetu tunazo jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kama Nalika, ambazo zimeundwa ili vijiji vipate faida ya wanyama walio katika ardhi yao. Kazi ya kuta ingefaa kuwa chini ya vyombo kama hivyo, ili isiwe mali ya mtu mmoja mwenye maneno matamu.

Najua mtauliza: mvua je? Kweli, mvua itaiharibu picha. Lakini nyumba za bibi zetu zilipakwa udongo mwekundu na mweupe, zikaharibika, zikapakwa tena, na kazi hiyo ndiyo iliyowafundisha mabinti. Picha inayohitaji kupakwa upya kila baada ya miaka michache itawapa kazi wachoraji wapya, na kila mara watu watabishana tena juu ya nini kichorwe. Mabishano hayo ni sehemu ya faida. Wala si lazima rangi zote ziwe za dukani. Chokaa, mkaa na udongo vipo, na wachoraji wa Kolo walitushinda kwa vitu hivyo.

Wengine watasema kijiji kisicho na dawa katika zahanati hakina haja ya picha. Neno hili ni zito, na aliyelisema asidharauliwe. Mimi sisemi fedha za dawa zinunue rangi. Nasema kwamba kuta zipo tayari, vijana wapo wengi bila kazi baada ya mavuno, na tangazo la sabuni limekwisha kupata nafasi yake ukutani bila mtu kuuliza habari za zahanati. Kama sabuni yaweza kuzungumza na watoto wetu kila siku, kwa nini mnyama tunayeishi naye asizungumze?

Mwisho, nageuka kwetu wenyewe. Katika bweni moja la shule hii wamo wanafunzi wa Kondoa, Mikumi, Serengeti, Rufiji na Tunduru. Kila mmoja ana mnyama wa kwao na kisa cha kwao. Shule yetu ina ukuta mrefu uelekeao barabara kuu, nao ni mtupu. Naomba klabu ya Malihai na wanafunzi wa Sanaa wamwendee Mwalimu Mkuu kwa heshima, wakiomba ruhusa ya kuugawa ukuta huo. Kila mkoa upewe kipande chake, na wenye mkoa huo wachore mnyama wao pamoja na watu wanaoishi naye. Watu wa Mikumi wachore barabara ipitayo katikati ya hifadhi, na gari liendalo mbio, na swala amelala kando. Sisi wa Tunduru tutamchora tembo na debe.

Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani na kuondoka mwezi wa Novemba, kwa hiyo hatutauona ukuta huo ukikamilika. Kazi hii twawaachia ninyi wa Kidato cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu. Ninalowaomba ni kwamba mwende likizo na daftari, mwaulize wazee wenu wanyama hupita wapi, na shamba la nani liliharibiwa, na nani alijua njia ya kuwazuia bila kuwaua. Mkirudi na majibu hayo, mtakuwa na picha ya kuchora. Mkirudi bila majibu, mtachora twiga chini ya mlima wa theluji, na picha hiyo tunazo za kutosha.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV